Kujifunza Kuogelea Ukubwani: Kutoka Pumzi ya Kwanza hadi Mita 1,000

Mtu mzima anapoingia bwawani kujifunza kuogelea, mara nyingi huja akiamini kwamba anachokosa ni nguvu. Huitazama mikono ya waogeleaji waliozoea, akaona jinsi inavyoyakata maji, akahitimisha kwamba siri imo mabegani. Baada ya wiki mbili za kupambana na maji, mtu huyohuyo, ambaye pengine hukimbia kilomita 10 kila Jumamosi bila taabu, hujikuta ameshikilia ukingo baada ya mita 15 akihema kana kwamba amepanda mlima. Kilichomfikisha hapo ni pumzi aliyoizuia kifuani tangu uso wake ulipogusa maji.

Hamu ya kuvuta pumzi huletwa hasa na hewa ukaa inayorundikana katika damu pale mtu asipoitoa, hata kama oksijeni bado inatosha. Anayezuia pumzi chini ya maji, anapoinua kichwa huwa na kazi mbili za kufanya katika nusu sekunde, yaani kutoa hewa ya zamani na kuvuta mpya, na hakuna awezaye kuzikamilisha zote mbili. Akirudia kosa hilo mara nne au tano, kifua hujaa hewa iliyochakaa, hofu hupanda, na miguu huanza kutafuta sakafu. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye pumzi kuliko kwenye mikono, na ninamsihi msomaji asiiruke sehemu hiyo hata kama mazoezi yake yanaonekana ya kitoto.

Nilianza kujifunza nikiwa na umri wa miaka 43, baada ya goti kukataa kukimbia, ingawa nililelewa katika mji wa pwani ambako bahari ilionekana dirishani. Wako wengi wa aina yangu: waliozaliwa hatua chache kutoka majini na kukatazwa kuyasogelea kwa kuwa hapakuwa na wa kuwafundisha. Mwalimu wangu wa kwanza aliniamuru nijitose kwenye kina kirefu siku ya pili ili hofu initoke, na hofu ile ilikaa nami miezi mitatu zaidi. Ninalitaja hili kwa sababu bado nawaona watu wazima wakifundishwa kwa njia hiyo, na sioni sababu ya kuivumilia.

Kabla ya kuingia majini

Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kifafa, pumu au ngoma ya sikio iliyotoboka amwone daktari kwanza na aulize waziwazi kuhusu kuogelea. Kifafa hasa hakifichwi, kwa maana dakika moja ya kupoteza fahamu ambayo nchi kavu ingeishia kwenye michubuko, majini huua. Na hata mwenye afya kamili asiogelee peke yake. Awepo mlinzi wa bwawa, au angalau mtu anayejua kuogelea ambaye macho yake yako kwako na si kwenye simu.

Katika kuchagua bwawa, tafuta lenye upande wa kina kifupi ambapo maji yanakufika kifuani ukiwa umesimama, sakafu inayoonekana wazi, na ukingo wa kushika. Mabwawa mengi ya hoteli ni mafupi na yamepindapinda kwa ajili ya mapambo. Yanafaa kwa miezi ya kwanza, lakini mwenye nia ya kuogelea kwa mazoezi atahitaji bwawa lililonyooka lenye urefu wa mita 25. Bwawa la mita 50, kama lile la Kasarani jijini Nairobi, liache hadi uwe umezoea, kwa sababu katikati yake hakuna ukuta wa kukupumzisha. Harufu kali inayochoma macho, ambayo wengi huidhania kuwa dalili ya usafi, kwa kweli hutokana na klorini iliyokwisha kuchanganyika na jasho na mkojo. Bwawa linalotunzwa vizuri halinuki sana.

Vifaa ni vichache. Miwani ya kuogelea ndiyo ya lazima: ibandike machoni bila kuvuta mkanda, na ikikaa sekunde mbili tatu bila kudondoka, inaukubali uso wako. Kofia ya silikoni husaidia, na wenye rasta au misuko watafute ile pana iliyotengenezwa kwa nywele nyingi, huku wakizilowanisha kwa maji safi kabla ya kuingia ili zisinywe klorini. Mwanamke anayependa kujisitiri anaweza kuogelea vizuri kabisa akiwa na vazi linalofunika mwili wote, ilimradi limeshonwa kwa kitambaa cha kuogelea; pamba hunywa maji, ikawa nzito na kuvuta mwili chini. Baadhi ya mabwawa hutenga saa za wanawake peke yao, kwa hiyo ni vyema kuuliza mapokezi.

Mwalimu bora kwa mtu mzima ni yule anayeingia majini pamoja nawe na anayekueleza sababu ya kila zoezi. Mwambie mapema kama uliwahi kunusurika kuzama. Akicheka, tafuta mwingine.

Hatua ya kwanza: pumzi

Simama penye kina cha kifua, shika ukingo kwa mikono miwili, vuta pumzi ya kawaida kwa mdomo, kisha zamisha uso hadi masikioni na uanze mara moja kutoa hewa puani, polepole, kama mtu anayeimba kwa mdomo uliofumbwa. Sauti hiyo ya "mmm" ina kazi yake, kwani maadamu inasikika, hewa inatoka, na hewa inayotoka hairuhusu maji kuingia puani. Mapovu yanapokaribia kwisha, inua uso na uvute tena kwa mdomo bila haraka. Siku ya kwanza fanya mara kumi. Lengo ni kufika mara 50 mfululizo ukiwa mtulivu kiasi cha kuweza kuzungumza mara tu unapomaliza, na kwa watu wengi hili huchukua wiki moja hadi tatu. Zoezi hili linafanyika pia nyumbani kwa beseni la maji mezani, na waliolifanya kila jioni huonekana bwawani wakiwa mbele ya wenzao.

Hapa pana onyo ambalo silitoi kwa kupamba maandishi. Usishindane na mtu kuzuia pumzi chini ya maji, na usihemehe kwa haraka mara nyingi kabla ya kuzama. Kuhema kwa namna hiyo huondoa hewa ukaa kwenye damu bila kuongeza oksijeni ya maana, hivyo kengele inayomwamuru mtu avute pumzi huchelewa kulia, na mtu huzimia kimya akiwa chini bila kutapatapa. Waogeleaji hodari wamekufa hivyo katika mabwawa ya kina cha kiuno.

Hatua ya pili: kuelea na kusimama

Pumzi ikishatulia, jifunze kuyaachia maji yakubebe. Vuta hewa, kumbatia magoti, zamisha uso na ujikunje kama mpira. Utazama kidogo, kisha mgongo utaibuka wenyewe. Ukishaamini hilo, nyoosha mikono na miguu taratibu hadi ulale kifudifudi juu ya maji. Kabla ya kurudia mara ya pili, jifunze kusimama, kwa sababu hofu nyingi hutokana na kutojua namna ya kurudi wima: vuta magoti kifuani, sukuma maji chini kwa viganja, inua kichwa mwisho kabisa, na miguu itaikuta sakafu.

Baadhi ya watu, hasa wanaume wembamba wenye misuli, hugundua kwamba miguu yao huzama hata wakitulia vipi. Mapafu ndiyo boya la mwili, nayo yako kifuani, mbali na miguu iliyo mizito. Mtu wa umbo hilo hana kasoro. Atahitaji tu kukandamiza kifua na paji la uso ndani ya maji kidogo zaidi, na nyonga zitainuka kama upande wa pili wa mizani. Jifunze pia kuelea chali, masikio yakiwa ndani ya maji na kidevu kikitazama juu, maana huo ndio mkao utakaoukimbilia siku utakapochoka mbali na ukuta.

Methali isemayo mfa maji haachi kutapatapa ni maelezo sahihi ya kimwili. Anayetapatapa huinua mikono na kichwa nje ya maji, na kila kilo anayoitoa nje hupoteza egemeo la maji na kuusukuma mwili uliobaki chini. Mwili uliotulia na kuzama karibu wote, uso tu ukiwa nje, huelea.

Hatua ya tatu: kuserereka na kupiga miguu

Egemeza nyayo ukutani, weka uso majini, nyoosha mikono mbele hadi mabega yaguse masikio, kisha jisukume na uache mwili userereke bila kufanya lolote. Hesabu umbali. Ukifika mita tano bila kupiga teke hata moja, umeshaupata mkao wa mwogeleaji, na kila utakachoongeza baadaye kitakuwa kazi ya kuulinda mkao huo. Maji yana uzito wa takribani mara 800 ya hewa ya ujazo uleule, kwa hiyo mwili uliopinda hulipa gharama kubwa ambayo mikono yenye nguvu haiwezi kuifidia.

Kisha ongeza miguu. Pigo huanzia kwenye nyonga, goti hulegea bila kukunjwa kama la mwendesha baiskeli, na vidole vya miguu huelekea nyuma. Wakimbiaji na wachezaji wa mpira huwa na vifundo vilivyokakamaa, na nyayo zao zilizosimama wima huwavuta nyuma. Kukaa juu ya visigino nyumbani kwa dakika moja au mbili kila siku, pasipo maumivu ya goti, huvilegeza polepole. Ubao wa kuogelea usiutegemee mno, kwani humzoesha mtu kuinua kichwa na kushusha nyonga. Misuli ya mapaja pia ni mikubwa na hula oksijeni nyingi, kwa hiyo katika kuogelea masafa marefu miguu hupigwa kwa wepesi, kiasi cha kuiweka juu tu.

Hatua ya nne: kuvuta pumzi ubavuni

Hapa ndipo wengi hukwama katika mtindo huru, yaani kuogelea kifudifudi kwa kupokezana mikono, na hapa nashauri ukae wiki kadhaa. Kosa la kawaida ni kuinua kichwa ili mdomo uyafikie mawingu. Kichwa kikipanda, nyonga hushuka, na mwogeleaji huogelea kama anayepanda ngazi. Badala yake mwili wote huzunguka kwa ubavu, kuanzia nyonga hadi bega, na kichwa hufuata. Sikio moja na kioo kimoja cha miwani hubaki majini, na mdomo hupata hewa katika bonde dogo linalofanywa na kichwa kinaposonga mbele.

Zoezi lake ni hili. Lala ubavu, mkono wa chini umenyooka mbele, wa juu umelala pajani, uso ukitazama sakafu, nawe ukipiga miguu taratibu huku ukitoa mapovu. Ukihitaji hewa, geuka kidogo zaidi hadi mdomo utoke, vuta, rudisha uso. Baada ya mateke sita badili ubavu kwa kuvuta mkono mmoja. Utakunywa maji siku za mwanzo. Ukipaliwa, geuka chali, kohoa, tulia, kisha endelea. Aliyejifunza kukohoa akiwa chali majini ameshashinda sehemu kubwa ya hofu. Chagua upande unaokujia kwa wepesi na uuzoee kabla ya kujifunza wa pili.

Hatua ya tano: mikono

Kiganja huingia majini mbele ya bega lake, kisivuke mstari wa katikati ya mwili, kisha hunyooka chini ya uso wa maji. Kiwiko hubaki juu zaidi kuliko kiganja, na mkono wote kuanzia vidole hadi kiwiko huyashika maji na kuyasukuma nyuma hadi pajani. Usiyasukume chini, kwa maana kufanya hivyo kunainua kichwa tu. Zoezi la kusubiriana linafaa sana: mkono mmoja unakaa mbele hadi mwenzake umalize mzunguko na kuja kuugusa.

Hesabu mikono unayopiga kwa mita 25. Anayeanza huzidi 30 kwa urahisi. Ukishuka hadi 24 kwa mwendo uleule wa utulivu, umepiga hatua ya kweli, na namba hiyo itakuambia mengi kuliko saa. Bega likiuma kwa ndani, acha siku hiyo. Maumivu hayo mara nyingi hutokana na kiganja kinachovuka katikati au dole gumba linaloingia kwanza, na hayaponi kwa kuyalazimisha.

Upande wa kina kirefu

Usivuke kuelekea kina kirefu kabla hujaweza kuelea chali dakika mbili na kukaa wima dakika moja kwa kuzungusha mikono na miguu bila kushika kitu. Mara ya kwanza nenda kando ya ukuta, ukiwa na mwalimu. Utaona sakafu ikishuka ghafla, na moyo utadunda ingawa maji yanayokubeba ni yaleyale. Wakati huo rudi kwenye sauti ya "mmm" na uisikilize hadi uguse ukuta.

Kujenga stamina hadi mita 1,000

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na siku tatu za kuogelea zenye dakika 40 kila moja zinakaribia kiwango hicho. Ratiba hii ni ya mtu anayeweza tayari kuvuka bwawa la mita 25 mara moja kwa utulivu. Kila siku anza kwa dakika tano za mapovu na kuserereka, hata ukiwa umebobea.

Wiki mbili za kwanza vuka mara nane, ukipumzika sekunde 60 kila baada ya kuvuka. Jumla ni mita 200, na usione haya kwa udogo wake. Wiki ya tatu na ya nne vuka mara 12 kwa mapumziko ya sekunde 45. Wiki ya tano na ya sita unganisha nenda na rudi, yaani mita 50, mara nane. Hapa ndipo penye mlima wa ratiba nzima, kwa kuwa mtu hugeuka ukutani akiwa tayari amechoka na hushawishika kuongeza kasi ili amalize. Tiba yake ni kupunguza kasi urefu wa kwanza hadi uone kama unachelewa mno. Wiki ya saba na ya nane fanya mita 100 mara tano, ukimalizia kwa mita 25 mara nne. Wiki ya tisa na ya kumi ni mita 200 mara tatu na mita 50 mara nne. Wiki ya 11 gawanya mita 1,000 katika vipande vya 400, 300 na 300. Wiki ya 12 ogelea mita 1,000 bila kusimama, yaani kuvuka mara 40. Dakika 25 hadi 30 ni muda mzuri kabisa. Wiki ikikushinda, irudie. Mimi niliirudia ya tano mara tatu.

Kwa kuwa hesabu hupotea haraka majini, panga kokoto kumi ukingoni na usogeze moja kila baada ya mita 100. Kugeuka kwa kugusa ukuta na kujisukuma kunatosha. Pinduko la wanamichezo, wanaojibingirisha majini wanapoufikia ukuta, liache. Ukishiriki njia na wengine, fuata mzunguko wao na upumzike kwenye kona ili wapate nafasi ya kugeuka.

Usipime juhudi kwa mapigo ya moyo uliyozoea katika kukimbia, kwa sababu mwili uliolala majini hurudisha damu moyoni kwa urahisi zaidi na mapigo huwa ya chini kiasi kwa kazi ileile. Kipimo bora ni mazungumzo: ukifika ukutani uweze kutamka sentensi moja kamili. Baada ya wiki ya 12, siku moja iwe ya masafa marefu kwa mwendo wa pole, moja ya mita 25 za kasi zenye mapumziko ya kutosha, na moja ya mazoezi ya mkao. Kunywa maji, kwani mtu hutoka jasho bwawani bila kujua, hasa katika joto la Dar es Salaam au Mombasa. Mlo mzito uwe saa mbili kabla. Ndizi moja haina neno. Kuogelea pia huamsha njaa kali, kwa hiyo mwenye lengo la kupunguza uzito aangalie sahani yake. Na kwa kuwa maji huubeba uzito wa mwili, mifupa haipati mzigo inaouhitaji, hivyo ongeza matembezi au vyuma vyepesi siku nyingine.

Kutoka bwawani kwenda baharini

Mita 1,000 za bwawani hazilingani na mita 1,000 za bahari. Katika pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, na mkondo unaotoka nao humpeleka hata hodari asikotaka. Anza siku za maji mafu, ambapo kujaa na kupwa ni kudogo, maji yakiwa yamejaa na kutulia, asubuhi kabla upepo haujaanza. Waulize wavuvi wa ufuo huo mkondo unapopita, kwani wao huujua kwa siku na saa. Nenda na mwenzako, vaa kofia ya rangi kali ili waendesha boti wawaone, funga boya dogo kiunoni kwa kamba, na muogelee sambamba na ufuo penye kina cha kifua, mkiinua macho kila baada ya mikono kumi kutazama alama moja nchi kavu: mnazi, mnara au paa la nyumba. Alama hiyo ikirudi nyuma haraka kuliko kawaida huku mwendo wa mikono yako haujabadilika, mkondo umewachukua. Simameni, tembeeni hadi ufuoni, na mrudi kwa miguu.